Maneno ya Walimu Siku ya Arobaini ya Mzee Wetu Fundi

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Jumuiya, wazee wetu wa Koboko mliotupokea katika ardhi yenu, imamu na mchungaji, mama yetu mjane wa marehemu, watoto na wajukuu wake, akina mama, vijana, na wanafunzi wetu mlioketi kwenye nyasi,

Kamati imetupa sisi walimu nafasi ya kusema machache juu ya marehemu, na imetuonya tusiwe warefu kwa sababu chakula kimekwisha kuiva. Tutajaribu. Lakini mnatufahamu walimu.

Kwanza tunaomba radhi kwamba katika maneno haya, ambayo yatachapwa katika jarida letu la kumbukumbu, hamtasikia jina lake. Familia ndiyo iliyotuomba. Marehemu mwenyewe alizoea kusema kwamba kila mara jina lake lilipoandikwa kwenye karatasi, karatasi hiyo ilimrudia na taabu. Basi jina lake litajwe katika dua, na hapa tutamwita kama tulivyomwita siku zote, Mzee Fundi.

Tarehe aliyozaliwa haikuandikwa popote. Mama yake alimwambia kwamba alikuwa anatambaa vita ya Hitler ilipoanza, kwa hiyo tukihesabu tangu 1939 tunaona kwamba alipita miaka 85. Alizaliwa hapa Koboko, si mbali na Salia Musala, mahali ambapo Uganda, Sudan Kusini na Kongo zinagusana. Yeye alipozaliwa palikuwa Uganda ya Waingereza, Sudan ya Waingereza na Kongo ya Wabelgiji, na watu wa ukoo mmoja walikuwa wamegawanywa kwa mistari ambayo hawakuulizwa.

Wakati huo serikali ya kikoloni iliihesabu West Nile kuwa shamba la kuvuna watu. Pamba na kahawa zilihimizwa kusini, na vijana wa huku walitegemewa kwenda kuzilima. Kijana wa Koboko au wa Arua aliyetaka fedha ya kodi na ya mahari alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kwenda kukata miwa Kakira au Lugazi. Ya pili ni jeshi, yaani KAR, ambalo wazee waliliita Keya. Mjomba wake Mzee Fundi alikuwa Keya na alifika Burma. Tunaomba wanafunzi wa darasa la sita wakumbuke hapa somo lao la historia: mwaka 1944 askari wa Uganda walikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana katika bonde la Kabaw, mvua ikinyesha, mpaka ikafika mto Chindwin. Mjomba alirudi na koti zito, nishani moja, na tabia ya kuamka saa kumi za usiku. Kijana alilitamani koti. Ndivyo alivyotueleza, kwamba aliingia jeshi kwa sababu ya koti.

Aliandikishwa miaka michache kabla ya Uhuru na kupelekwa Jinja, kwenye kambi ya batalioni ya nne. Hapo ndipo alipojifunza Kiswahili, kwenye kwata. Hiki chake kilikuwa Kiswahili cha amri, kifupi, hakina "tafadhali". Sisi tuliotoka Ituri na upande wa Aru tulikuja na Kiswahili cha Kongo, na siku za kwanza tulichekana sana. Sisi tulisema bugali, yeye akasema posho. Sisi tuliomba sombe, yeye akauliza sombe ni mnyama gani. Watu wengi wa kusini mwa Uganda wamekichukia Kiswahili kwa sababu walikisikia kwanza midomoni mwa askari waliokuwa wakiwaamuru, na hatuwezi kuwalaumu. Lakini kwetu lugha hiyo ndiyo iliyokuwa mlango. Siku tulipofika hapa na magodoro kichwani, hatukujua Kikakwa cha kutosha wala Kiingereza cha kutosha, na mzee huyu alikuja akatusemesha kwa maneno tuliyoyafahamu: "Nyinyi wangapi? Nani mgonjwa?"

Turudi Jinja. Uganda ilipata Uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, na batalioni ikaitwa Uganda Rifles. Tarehe 23 Januari 1964 askari wa Jinja waligoma wakidai mishahara, siku chache tu baada ya wenzao wa Tanganyika. Waziri Felix Onama, ambaye alikuwa mtu wa kwetu West Nile, alikwenda kuzungumza nao wakamzuia mpaka akakubali kuwaongezea, na serikali ikaita askari wa Kiingereza waje kuituliza kambi. Mzee Fundi alikuwa akicheka kila alipoisimulia habari hii. Siku ile yeye alikuwa amelala na malaria, akapata nyongeza ya mshahara bila kugoma.

Kazi ya mikono aliianzia kwenye karakana ya jeshi, kutengeneza masanduku ya risasi na viti vya maofisa. Ufundi hasa aliupata nje ya kambi, kwa Kalasinga mmoja mjini Jinja aliyekuwa na karakana ya milango na madirisha. Siku za mapumziko, wenzake wakienda kunywa pombe, yeye alikwenda kwa Kalasinga kufagia maranda, kisha kushika mbao, kisha kupima. Mwaka mzima hakuruhusiwa kugusa msumeno. Vijana wetu wa karakana wanaijua hadithi hii vizuri, maana na wao walifagia maranda miezi kadhaa wakinung'unika.

Sasa tunafika mahali pagumu, na tunaomba utulivu.

Idi Amin, ambaye Koboko inamhesabu kuwa mtoto wake kwa upande wa baba, alichukua serikali tarehe 25 Januari 1971. Katika miezi iliyofuata askari wengi wa Kiacholi na Kilangi waliuawa ndani ya kambi za jeshi, na Jinja ilikuwa mojawapo. Kwenye karakana ya kambi Mzee Fundi alikuwa na mwenzake Mwacholi; walitumia meza moja, mmoja upande huu na mwingine upande ule. Usiku mmoja yule mwenzake aliitwa. Asubuhi upande wa pili wa meza ulikuwa mtupu. Tulimwuliza, "Mzee, ulifanya nini?" Alikaa kimya muda mrefu, halafu akajibu, "Nilipiga randa. Nilipiga randa mpaka saa kumi jioni." Hakuongeza neno, na sisi hatukuuliza tena.

Tarehe 4 Agosti 1972 Amin alitangaza kwamba Wahindi waondoke nchini, na siku walizopewa zilikuwa 90. Yule Kalasinga aliondoka na masanduku mawili ya nguo. Juma lililofuata watu walivunja mlango wa karakana yake, na Mzee Fundi aliingia pamoja nao. Alichukua randa ya chuma, keekee na patasi sita.

Ndugu zangu, sisi walimu tumewaambia watoto wenu kwa miaka mingi kwamba randa ile alipewa na mwalimu wake kama zawadi ya kuagana. Tulidhani hivyo, na yeye hakutukanusha. Wengi wenu mmeiona: ina herufi mbili zilizochongwa ubavuni mwa mpini, si herufi za jina la mzee. Miezi michache kabla ya kufariki alituita kitandani. Akasema, "Mwalimu, mnawaambia watoto kwamba nilipewa. Sikupewa. Niliichukua. Siku nikifa, semeni hivyo." Tumeongea na familia kabla ya kusimama hapa. Si wote walioridhika, na mkubwa mmoja wa ukoo alituuliza kuna faida gani kumvua mtu nguo baada ya kuzikwa. Ni swali la haki. Jibu letu ni kwamba mwenyewe ndiye aliyetuagiza, na mtu wa miaka 85 anajua anachoagiza.

Tunajua pia kwamba alijaribu kuirudisha. Katika miaka ya 1990, serikali ilipowakaribisha Wahindi kurudi kudai mali zao, alisikia kwenye redio akaweka randa katika mfuko akapanda basi. Wakati huo barabara ya Pakwach kwenda Karuma ilikuwa ikivamiwa na waasi wa LRA, na mabasi yalikuwa yakisindikizwa na askari. Alifika Jinja. Ile karakana ilikuwa imegeuka ghala la unga, na hakuna aliyemkumbuka Kalasinga wala jina lake. Alilala usiku mmoja kwenye msikiti, akarudi Koboko na randa yake. Tuseme randa yao.

Jeshi aliliacha kabla ya vita ya Tanzania, kwa sababu ya mgongo. Akafungua karakana yake hapa Koboko, na kazi ilikuwa nyingi kwa kuwa wakubwa wa wakati huo walikuwa wakijijengea nyumba huku na Arua. Milango mingi ya mvule iliyoko Oli mpaka leo ni mikono yake. Baadhi ya wenye milango hawakulipa, maana fundi hamdai mtu mwenye bastola.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na mwanzoni mwa Juni majeshi ya Tanzania yalifika mpaka wa Sudan. Mzee hakukimbia mbali mara ile. Alisema Watanzania walipita wakasalimia, na yeye aliwatengenezea vitanda wakamlipa. Hatari ilikuja baadaye. Oktoba 1980 askari wa zamani waliokuwa nje waliivamia Koboko na Arua, na jeshi la serikali mpya liliporudi lilimwona kila mtu wa West Nile kuwa askari wa Amin. Nyumba zilichomwa, watu wakauawa. Mwaka uliofuata, tarehe 24 Juni 1981, watu waliokuwa wamekimbilia misheni ya Ombaci karibu na Arua waliuawa humo humo. Mamia kwa maelfu ya watu walikimbilia Sudan na Zaire.

Mzee Fundi alikimbilia Zaire, yaani kwetu. Alizifukia patasi na misumeno chini ya sakafu ya jiko, zimefungwa kwa gunia lililolowekwa mafuta, akabeba randa na watoto. Mgongo wake ulikuwa umeharibika lakini alitembea. Upande wa pili mama mmoja aliwapa jiko lake walale, akawa anapikia nje kwenye mvua mpaka walipojenga. Jina la mama huyo mzee alilisahau, na jambo hilo lilimwudhi mpaka mwisho. Kila mama wa Kikongo mwenye umri mkubwa aliyefika hapa, alimwuliza kijiji chake. Mkewe wa kwanza na watoto watatu wamezikwa huko. Surua iliwachukua watoto wawili katika juma moja, na majeneza yao aliyatengeneza mwenyewe kwa mbao za sanduku la chai. Habari hiyo hakutusimulia yeye. Tuliambiwa na binti yake.

Aliporudi, miaka kadhaa baadaye, mahali pa nyumba palikuwa nyasi tupu. Alihesabu hatua kutoka kwenye mwembe, akachimba, akakuta vyuma vizima na mipini imeliwa na mchwa. Karatasi zake za jeshi zilikuwa zimeungua na nyumba. Alikwenda katika ofisi moja kudai kiinua mgongo chake, akaambiwa alete karatasi. Akaeleza kwamba karatasi ziliungua. Akaambiwa alete barua ya kuthibitisha kwamba ziliungua. Alikwenda mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Hatuitaji ofisi hiyo. Baada ya hapo aliacha kwenda, akasema nauli yenyewe ingetosha kununua mabati.

Mwanawe mmoja aliingia msituni na waasi katika miaka ya 1990, na kwa muda huo mzee hakuruhusu atajwe nyumbani. Sheria ya Msamaha ilipopitishwa mwaka 2000 kijana alitoka. Alimkuta baba yake karakanani. Mzee alimpa upande mmoja wa msumeno mkubwa, wakapasua gogo mpaka jioni, ndipo akamwuliza kama amekula. Mwana huyo yupo hapa leo, na yeye ndiye aliyetuambia tuliseme hili.

Sisi wakimbizi kutoka Kongo tulipoanza kupokewa Lobule mwaka 2013, Mzee Fundi hakuwa na cheo chochote. Hakuwa mjumbe wa kamati. Alikuja na futi yake akapima sakafu ya darasa letu, ambalo lilikuwa turubai na miti, akauliza watoto wanakaa juu ya nini. Tukasema wanakaa chini. Juma lililofuata alileta benchi moja. Kisha akadai vijana sita: watatu wa kwetu na watatu wa wenyeji. Tulimwuliza kwa nini asichukue wakimbizi tu, kwa kuwa shule ina wakimbizi wengi. Alitutazama kama watu wasiojua hesabu. "Benchi ikivunjika, nani ataitengeneza nyinyi mkirudi kwenu?"

Hakuwa mtu mpole, tusidanganyane. Ulimi wake ulibaki wa Jinja. Kijana aliyechelewa alipigishwa kwata kuzunguka mwembe, jambo ambalo sisi walimu tulipinga, naye akatujibu kwamba chuo chetu cha ualimu kilitufundisha kuandika andalio la somo lakini si kuamka mapema. Fundi aliyeunga mbao kwa misumari mahali panapotaka ulimi na tundu, aliivunja kazi yake mbele ya watu. Lakini hakuuza hata meza moja iliyotengenezwa na mwanafunzi bila kumpa sehemu yake siku hiyo hiyo, mkononi.

Mnakumbuka pia ugomvi wa kuni, pale vijana wa wenyeji na vijana wetu walipokaribia kupigana kwa mapanga kwa sababu ya miti. Wakubwa walihutubia, na hotuba hazikusaidia. Mzee alichukua kopo la rangi nyekundu akawachukua vijana wa pande zote mbili, wakatembea siku mbili wakiweka alama kwenye mivule ambayo mtu yeyote asiikate, yeye mwenyewe akiwemo. Yeye ndiye aliyekuwa na haja ya mbao kuliko wote. Alama nyingine bado zinaonekana njiani kwenda kisimani. Nyingine zimekatwa pamoja na miti yake, tuseme ukweli.

Kila binti yake alipoolewa alimtengenezea kitanda, na kila mjukuu alipoanza shule alimpa kijisanduku chenye komeo. Kwa mkewe aliyebaki, mama yetu aliyeketi pale, alitengeneza kigoda cha kupikia ambacho amekuwa akikifanyia marekebisho kwa miaka 30, kwa sababu mama anasema bado kinayumba. Mama anatikisa kichwa. Bado kinayumba.

Alizikwa siku ile ile aliyofariki, kama ilivyo desturi ya Waislamu, kwa sanda. Yeye aliyetengeneza majeneza ya Wakristo wa tarafa nzima hakuhitaji jeneza la kuzikiwa. Alibebwa kwenye jeneza la msikiti, ambalo alilitengeneza mwenyewe zamani. Alikuwa akilalamika kwamba mkono wake mmoja ni mfupi kwa inchi mbili na kwamba ipo siku atalirekebisha. Waliobeba upande huo wanajua kwamba hakulirekebisha. Baada ya maziko lilirudishwa msikitini, na vijana wake wawili wameomba ruhusa kwa imamu kuubadilisha mkono huo. Imamu amekubali.

Vyombo vyake, kwa uamuzi wa familia, vimebaki karakana ya shule: misumeno mitatu, keekee, patasi nne kati ya sita, tupa, jiriwa na pimamaji. Madawati 14 yamesimama bila viti vya juu, kwa hiyo mwenye mbao kavu, hata vipande, aviletee karakana kabla ya muhula kufunguliwa. Randa tumeiweka katika kijisanduku chenye komeo. Ufunguo uko kwa mwalimu mkuu, na itatolewa kwa kazi kama kawaida. Kijana mmoja aliuliza kama tuzipige msasa zile herufi mbili na kuandika jina la mzee. Tumekataa. Zimebaki kama zilivyo.

Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema. Na sasa akina mama wanatuita.